Mama Njoo na Kamera za Bingwa

Kama umewahi kuhamishiwa vyombo na pikapu ya Bingwa, basi koo la mkewe unalijua. "Njoo! Njoo, njoo, njoo... kulia kidogo... kulia, nimesema kulia... njoo... hapohapo!" Kisha makofi mawili kwenye bodi, pa, pa, maana yake zima gari tumefika. Miaka ishirini na mitatu mama huyu alisimama nyuma ya trela lililofungwa kwenye pikapu ya mumewe, viatu vya mpira miguuni, mkono mmoja kiunoni, mwingine unapepea hewani. Watu wakamwita Mama Njoo. Mpaka wanawe shuleni waliitwa watoto wa Mama Njoo, na hawakuona ubaya wowote.

Mumewe aliitwa Bingwa, kwa kirefu Bingwa wa Rivasi. Kuliingiza trela kinyumenyume kwenye uchochoro wa upana wa mlango na nusu kulimshinda kila dereva mtaani isipokuwa yeye. Tena alifanya hivyo bila kugeuka, kwa sababu shingo yake ilikakamaa tangu ujana na haigeuki hata ukimwita una habari njema. Vioo vya pembeni navyo kwa kawaida vilizibwa na makabati na magodoro ya watu. Alirudi nyuma kwa masikio tu. Akiambiwa kulia anakata usukani kulia, akiambiwa kushoto anakata kushoto, trela linateleza ndani, naye anashuka kifua mbele. "Mmeona?" anawauliza watu. "Hii haifundishwi. Mtu anazaliwa nayo."

Sasa nikuambie jambo ambalo mtu mmoja tu duniani alilijua. Bingwa rivasi alikuwa hajui kabisa.

Trela, kwa asiyelijua, ni kaidi. Ukirudi nyuma na kukata usukani kushoto, lenyewe linakwenda kulia. Ukikata kulia, linakwenda kushoto. Dereva anajifunza hilo wiki ya kwanza, analizoea, yanaisha. Bingwa halikumwingia. Mwaka wao wa kwanza na trela walipeleka madawati kwenye shule moja, mkewe akiwa nyuma anamwelekeza kama watu wanavyoelekezana: trela liende kushoto, anasema kushoto. Bingwa akakata kushoto, trela likaenda kulia, likabomoa choo cha walimu. Mwalimu mkuu alikuwamo. Wanafunzi walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na Bingwa akarudi nyumbani, akaifunika pikapu turubai, siku nne hakula wala hakusema na mtu.

Siku ya tano ilibidi madawati yaliyobaki yapelekwe. Mama Njoo alikuwa na woga hadi ulimi ukamteleza, pa kusema kushoto akasema kulia. Trela likaingia mahali pake kama droo ya kabati. Bingwa alishuka anang'aa. Mkewe akamtazama, akalitazama trela, akapiga hesabu yake kichwani, akanyamaza. Toka siku ile akawa anasema kinyume. Miaka ishirini na mitatu! Kila trela lilipotakiwa kwenda kushoto alipiga kelele kulia, kwa sauti ya kusikika mitaa mitatu, na hakuna aliyemgundua, maana watu walitazama trela, nani asikilize maneno ya mke wa dereva?

Usidhani alikuwa anaumia. Kazi ile aliipenda, hasa kile kiti cha kushoto mle ndani ya gari. Mumewe nyumbani alikuwa bubu. Ukimpa chakula anakula, ukimuuliza habari anasema nzuri, basi. Lakini mkabidhi usukani! Mle ndani alisimulia utoto wake, alisimulia ndoto, aliimba vibaya, aliuliza ushauri, siku moja alilia kuhusu mama yake. Ndoa yao yote ilikuwa mle ndani, kati ya gia na mlango.

Ndipo binti yao mkubwa akatuma kamera.

Zilikuwa nne, na skrini yake. Binti alipiga simu akasema kwa mapenzi kabisa: "Mama umri umekwenda, utasimama nyuma ya magari mpaka lini? Baba sasa ataona mwenyewe. Wewe pumzika." Mama Njoo alimshukuru mwanawe, akakata simu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Mungu wangu, nimekwisha."

Fundi wa kamera alikuja, mtu mnene mwenye heshima zake, zamani alitengeneza redio. Akafunga kamera moja kwenye bampa, mbili ubavuni mwa trela, moja mgongoni mwa trela, na skrini mbele ya dereva imegawanywa vipande vinne. Bingwa alichanganyikiwa kwa furaha. Mtu aliyekuwa hajaona nyuma yake tangu ujana! Siku nzima hakuliendesha gari, alikaa tu mle ndani, uani kwake, akitazama kuku wake kwenye skrini na kuita majirani waje waone kuku. Majirani walikuja, wakapita katikati ya kuku halisi, wakaingia garini kuwatazama.

Kesho yake wakapeleka kochi karibu na kibanda cha kinyozi. Mama Njoo akashika zamu yake kama kawaida. "Njoo, njoo... kulia!"

"Kulia ipi?" Bingwa akatoa kichwa dirishani. "Kamera inaonyesha trela liende kushoto!"

"Baba watoto, nisikilize. Kulia!"

"Mama watoto, ninaona kwa macho yangu!" Akakata kushoto. Trela likaenda kulia. Alipoliona linakwenda kulia akazidi kukata kushoto, trela likajikunja, kibanda cha kinyozi kikainama kwa adabu kama mtu anayesalimia wakubwa, na mteja akatoka mbio na nusu ya kichwa imenyolewa.

Watu wakajaa. Bingwa akashuka, na badala ya kuona aibu akaelekeza kidole kwa mkewe. "Umeniponza na makelele yako! Kamera inasema kushoto, wewe unasema kulia. Hivi miaka yote hii wewe kulia na kushoto hujui?"

Watu wakacheka. Kinyozi naye alicheka, na kibanda ni chake. Yule mteja alicheka nusu yake yote. Mama Njoo alikuwa na jibu, tena fupi, lingemaliza kila kitu pale pale. Akalikumbuka lile turubai na zile siku nne. Akalimeza jibu, likashuka linakwaruza.

"Kesho baki nyumbani," Bingwa akasema, sasa kwa upole, na huo upole ndio uliouma zaidi. "Upumzike."

Basi akapumzika. Nani alisema kupumzika ni raha? Alifua nguo safi. Alipanga vikombe, akavipangua. Jirani alipokuwa anarudisha baiskeli uani, Mama Njoo alijikuta anapaza sauti, "Njoo, njoo, njoo!" jirani akastuka akaanguka nayo. Jioni mumewe alirudi bubu, akala, akasema nzuri, akalala. Wiki ya pili hivyohivyo. Alikuwa mjane wa mtu aliye hai.

Na huko nje Bingwa alikuwa anabomoa mji. Aligonga uzio, akagonga kisima, akagonga bango la kuonya madereva wawe waangalifu. Kila jioni alimpelekea fundi gari: kamera zako mbovu. Fundi anapima, anafuta, anapima tena. "Mzee, kamera ziko sawa."

"Haziwezi kuwa sawa. Mimi ni Bingwa!"

Kisha ikaja habari ya ghala la magodoro. Ghala lilitafuta pikapu moja ya kudumu, na dereva alitakiwa aweze kurudisha trela katikati ya kuta mbili zilizoachana kwa upana unaolizidi trela kidogo tu. Jumatatu Bingwa alijaribu. Akaangusha safu nzima ya magodoro ya sita kwa sita, msimamizi wa ghala akafukuliwa humo chini akiwa mzima lakini amekasirika sana. Akampa nafasi ya mwisho, Alhamisi, kwa ajili ya jina lake la zamani.

Mama Njoo hayo hakuyasikia kwa mumewe. Aliambiwa na fundi dukani kwake Jumatano, alipopita kama mtu aliyefuata betri ya saa. "Mama, nina wasiwasi na mzee. Jana alipaki hapa akakaa garini muda mrefu. Nikamuuliza, akasema kama Alhamisi atashindwa, analifunika gari, basi tena."

Mama Njoo alishika ukingo wa meza. Dawa aliijua. Alikuwa ameijua tangu siku ya kibanda cha kinyozi, na alikuwa akijizuia kuisema, kwa kuwa dawa hiyo ikifanya kazi, Bingwa hatamhitaji tena mpaka wazikane. Kiti kile kitabaki kitupu, na aliyekitoa ni yeye mwenyewe. Alisimama pale mpaka fundi akamletea stuli.

"Fundi," akasema, "hiyo picha ya kwenye skrini unaweza kuigeuza? Kilicho kushoto kionekane kulia?"

"Naweza. Ni kubonyeza tu. Lakini itakuwa makosa, mama."

"Weka makosa."

"Mama!"

"Kamera zako zinasema kweli, kaka yangu. Mume wangu hajazoea. Zigeuze zote nne, umwambie umezitengeneza."

"Na jina langu je, watu wakijua nafunga kamera zinazosema uongo?"

"Mimi nimesema uongo miaka ishirini na mitatu na trela halikuguswa hata rangi. Geuza."

Fundi akaelewa, akavua kofia.

Alhamisi Mama Njoo alimwambia mumewe anakwenda kutafuta sindano ya cherehani. Cherehani hawana. Miguu ikampeleka mpaka ghalani, akasimama kando ya ukuta wa kushoto, amejiziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu lile neno lilikuwa kooni na linapanda lenyewe. Fundi naye alikuwepo, jasho linamtoka. Madereva sita wa ghala walikuwa wameketi juu ya magodoro kungoja kichekesho.

Trela likaanza kurudi. Lilipopinda kidogo, Bingwa akatazama skrini, akakata upande alioamini, na trela likamtii. Akasogea. Akanyoosha. Trela likapita kati ya kuta mbili polepole bila kukwaruza hata vumbi, likasimama. Madereva wakaruka wakapiga makofi. Mama Njoo alipiga makofi kuliko wote, huku machozi yanamtiririka, na hakuweza kusema kama ni ya furaha.

Msimamizi alifika dirishani. "Kazi ni yako, Bingwa! Tena kuna jingine. Hawa sita kila siku wananibomolea ukuta. Utawafundisha rivasi."

Macho ya Bingwa yalikuwa kwenye skrini. Alikuwa amemwona mkewe. Kwenye skrini mkewe alikuwa upande wa kulia. Akatazama kioo cha pembeni, leo hakina mzigo wa kukiziba: mkewe huyo, ukuta wa kushoto, anajifuta macho. Skrini, kulia. Kioo, kushoto. Akarudia mara tatu.

"Fundi," akaita. "Umeigeuza picha?"

Fundi akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Bingwa akashuka taratibu. Midomo ilikuwa inatembea na vidole vinapinda kimoja kimoja, mtu mzima anahesabu. Akafika mbele ya mkewe.

"Mama watoto. Ukiniambia kulia..."

"Acha, watu wanasikiliza."

"Ukiniambia kulia, trela lilikuwa linakwenda wapi?"

Mama Njoo akatazama chini. "Kushoto," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu choo cha walimu."

Mkewe alimwona anavuta pumzi, akaogopa. Kichwani akayaona magurudumu ya pikapu yameoza chini ya turubai. Bingwa akageuka mwili mzima, kwa kuwa shingo haigeuki, akawakabili msimamizi na madereva wake.

"Mimi siwezi kumfundisha mtu," akasema kwa sauti. "Rivasi sijui. Sijawahi kujua hata siku moja. Bingwa ni huyu hapa, na juzijuzi nimemtukana mbele za watu."

Msimamizi akakuna kichwa. Mwisho akasema, "Basi mama, utawafundisha wewe?"

"Nitawafundisha," akajibu Mama Njoo bila kumtazama. "Kila mmoja aniambie kwanza anakosea upande gani." Kisha hasira ikampanda, akamgeukia mumewe. "Na wewe! Nani kakutuma useme? Miaka ishirini na mitatu nimekufichia! Nimeitwa mjinga mbele ya kinyozi nikanyamaza! Nimemfanya fundi wa watu aharibu kazi yake! Halafu unakuja kuimwaga siri yote kwa dakika moja, mbele ya watu waliokaa kwenye magodoro?"

Bingwa alikwenda akafungua mlango wa kushoto wa pikapu, akaushika uwe wazi.

"Mle ndani ni kimya, mama watoto," akasema. "Wiki tatu naongea na skrini."

"Siingii! Mwenyewe ulisema nipumzike!"

"Nilisema."

"Basi acha nipumzike!" akapiga kelele, na huku anapiga kelele alikuwa amekwisha kupanda, anaisogeza kwa mguu mikebe ya rangi ambayo mumewe alinunua kuziba mikwaruzo, apate pa kukaa, na mlango akaubamiza mwenyewe.