Beki Asiyepitwa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikamwagika Kariakoo baada ya muda mrefu wa maduka matupu, asiyeshuku alirudi nyumbani na betri zilizokufa ndani ya karatasi mpya inayong'aa. Nilikuwa na kibanda cha viatu karibu na soko. Kiatu chochote kilichofika mikononi mwangu nilikikunja soli, nikakinusa gundi, nikavuta uzi wa mshono, na mwenye mzigo akiniuliza kama namwona mwizi nilimjibu kwamba bado sijajua. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba siku malaika akija kuichukua roho yangu, nitamwomba kwanza kitambulisho.

Tabia hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye kamati ya usajili ya klabu yetu. Msidhani ni moja ya zile kubwa mbili. Yetu ilikuwa timu ya mtaa, ilipanda daraja kwa bahati na jasho, na sasa imekufa siku nyingi. Kabla goti halijanitupa niliichezea namba tano, yaani beki wa kati, yule wa mwisho kabla ya kipa. Kamati tulikuwa watatu: mimi; katibu wa klabu, mwalimu mstaafu aliyemwita kila mtu ndugu; na mfadhili, Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye sote tulimwita tajiri. Zamani wachezaji wetu waliajiriwa na mashirika ya umma na mpira wakaucheza jioni. Mashirika yalipoanza kufa, wakataka kulipwa na klabu, na aliyekuwa na cha kulipa ni tajiri peke yake.

Malipo yalipoingia, imani ikatoka. Si kwamba tulijitungia tu. Niliwahi kumwona kipa wa timu ngeni akiurukia mpira baada ya mpira kutulia wavuni, na beki akiinama kufunga kamba za njumu huku namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, anampita ubavuni. Mambo hayo tuliyaona mara nyingi mpaka macho yetu yakaharibika. Mtu akicheza vibaya tuliuliza kanunuliwa na nani. Akicheza vizuri sana, tuliuliza vilevile.

Basi tukasikia kuna kijana wa chuo cha ualimu anayecheza namba tano kwa namna ya ajabu. Vyuo vilikuwa na mashindano kwenye viwanja vya Jangwani, tukaenda mimi na katibu kumtazama. Alikuwa mrefu, mabega mapana, miguu ya mtu aliyelelewa mlimani. Kipindi cha kwanza kikaisha sijamwona akifanya lolote. Hakuruka, hakuteleza kuunyang'anya mpira, hakupiga kichwa cha kuwaamsha watu. Namba tisa wa upande wa pili, ambaye tuliambiwa ni hatari, naye hakufanya lolote. Alizurura tu, mara kulia mara kushoto, mwisho akawa anakwenda kuutafuta mpira katikati ya uwanja.

"Ndugu, twende zetu," katibu akaniambia. "Yule namba tisa kanunuliwa ili huyu aonekane beki."

Sitaki kujifanya mjuzi. Hata mimi ndivyo nilivyodhani. Lakini kwa ubishi wangu nikamwambia tukae, na kipindi cha pili nikaacha kabisa kuutazama mpira. Nikaitazama miguu ya yule kijana tu. Hapo ndipo niliposisimka. Kabla pasi haijapigwa, yeye alishasogea hatua mbili kwenye njia yake, na mpigaji akiona njia imezibwa anageukia kwingine. Namba tisa akitaka kukimbia, anakuta bega limeshamtangulia. Hakumgusa. Alimnyima tu mahali pa kwenda, na kazi ya namna hiyo haionekani, kwa sababu ikifanywa vizuri huwa hakuna kinachotokea. Mimi nilicheza nafasi ile miaka mingi na sikuwahi kuifanya hivyo. Wivu ulinishika, na nilifurahi pia.

Tukamchukua. Desturi yetu ilikuwa kwamba mchezaji anayetakiwa anafichwa kwa mwanachama mpaka asaini, timu nyingine zisije zikamwiba. Nikapewa mimi. Nyumba yangu Magomeni ni nyumba ya kawaida ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma, baraza mbele. Nikamweka chumba cha mbele na nikamwambia asitoke bila mimi. Aliitikia, akamwamkia mke wangu shikamoo, akakunja shati lake vizuri na kukaa.

Nikaanza kumchunguza. Mbona haulizi atalipwa nini? Mbona anakula kidogo? Mbona alipokwenda uani alikaa muda mrefu, na upande wa pili wa ukuta ule anakaa shabiki wa mahasimu wetu? Nikamweleza mke wangu, akanitazama kwa huruma.

"Baba watoto, mtoto wa watu anaona aibu kula ugenini. Ukimkodolea macho kila tonge atalala njaa."

Yeye ndiye aliyemfanya aseme. Kijana akamweleza kwamba baba yake alipunguzwa kazi kwenye shirika, wadogo zake wamekaa nyumbani kwa sababu ada imerudi shuleni, na yeye akimaliza ualimu hajui atapangiwa lini wala wapi. Akisajiliwa, wadogo zake wanarudi shule. Usajili ulikuwa unafungwa Jumamosi. Ndiyo hayo tu aliyokuwa nayo kichwani, na mimi nilikuwa nahesabu matonge yake.

Alhamisi asubuhi tukampeleka uwanjani kumjaribu dhidi ya namba tisa wetu, mchezaji tuliyemtegemea kwa magoli. Tajiri alikuja mwenyewe, akasimama kivulini na miwani yake. Namba tisa wetu alijaribu kila alichonacho. Chenga, mwili, mbio. Hakupita hata mara moja. Mwishowe akaketi chini, akavua njumu moja na kusema kwamba huyu hapitiki. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu kwa raha.

Katibu hakucheka. Alikuwa ameshaulizia, akagundua kwamba namba tisa na kijana wanatoka mkoa mmoja. Akamwita namba tisa pembeni akamhoji kama polisi: mmejuana lini, mmekubaliana nini, utapewa nini. Yule mchezaji, mtu mzima mwenye watoto, akaapa mpaka sauti ikakauka. Hakuaminiwa. Jumapili yake akawekwa benchi.

Jioni kamati ikakutana barazani kwangu. Mke wangu alileta kahawa, akaingia ndani. Nikasema nililoliona: huyu kijana ni beki kuliko beki yeyote niliyemwona katika klabu hii, mimi nikiwemo. Katibu akaniuliza kwa upole kijana amenipa nini. Hasira ilinipanda. Lakini ningemlaumu vipi? Angekuwa yeye ndiye anayemsifia mtu hivyo, mimi ningemuuliza swali lilelile.

Tajiri ndiye aliyemaliza mazungumzo. Alisema anafanya biashara ya vitambaa tangu utoto, na jora lolote likija bila kasoro hata moja hulirudisha, kwa sababu kasoro ipo, ila imefichwa. "Huyu sijamwona akipitwa," akasema. "Sijui akipitwa anakuwaje. Kesho nataka nimwone tena, halafu basi."

Waliondoka. Nilipoingia ndani nilimkuta kijana amekaa kitandani, taa haijawashwa. Nikamwambia kesho kuna jaribio la mwisho, acheze kama alivyocheza leo. Akasema sawa, mzee. Hakuuliza chochote, na mimi, kama kawaida yangu, nikajiuliza kwa nini haulizi.

Ijumaa hiyo uwanja ulikuwa mkavu, vumbi likifika kwenye magoti. Wakamweka dhidi ya winga chipukizi wa timu yetu ya pili, ambaye hakuwa na undugu naye wa karibu wala wa mbali, katibu alihakikisha. Mara tano, mara sita, kijana akamfungia njia. Nikaona katibu anaanza kuinamisha kichwa upande, namjua, anatafuta nani kauza nini. Ndipo winga akaja tena, akapiga chenga ya kitoto kabisa, akapita upande wa kushoto. Kijana akateleza, akaanguka chali, mpira ukaingia wavuni.

Watu wote wakacheka. Katibu alipiga makofi, uso umemkunjuka, akisema kumbe naye ni binadamu. Tajiri naye akapiga makofi, akasema sasa amemwona, leteni fomu. Kijana akainuka, akapangusa vumbi, akatabasamu kidogo kwa aibu kama inavyompasa mtu aliyepitwa.

Mimi sikupiga makofi. Nimecheza nafasi ile, najua mwili wa beki unavyomsaliti. Kwanza mguu unatoka, unateleza, ndipo mtu anapita. Yeye alifungua upande wa kushoto, akamwacha winga apite, kisha ndipo mguu ukamtoka. Aliteleza akiwa ameshapitwa, kwenye uwanja usio hata na tone la maji.

Alipokuja kuchukua begi lake nyumbani, nilimfuata chumbani nikafunga mlango. Nikamuuliza kwa nini.

"Mzee, dirisha la chumba hiki liko juu ya baraza lenu," akasema. "Nilisikia yote. Mlitaka kuniona nikipitwa, nimepitwa. Nilipocheza kweli mliniona tapeli."

Tulikuwa tumemficha mtu asionekane na mahasimu, kisha tukakaa chini ya dirisha lake tukamjadili kama jora. Akamuaga mke wangu, akamshukuru kwa chakula, akaondoka. Mke wangu aliniuliza amefuzu au hakufuzu. Nikamwambia amefuzu. Akauliza basi mbona nimenuna, nikamwambia goti linauma.

Msimu ule alicheza kwa namna ambayo wengi hawakuiona, magoli tuliyofungwa yakawa machache na sifa zikaenda kwa kipa. Wadogo zake walirudi shule. Mke wangu ndiye aliyepata habari hizo. Kisha tukakutana na mahasimu wetu wa mtaa wa pili, mvua imenyesha usiku kucha, Jangwani yote maji. Dakika za mwisho namba tisa wao akageuka, kijana akateleza, tukafungwa. Kabla hatujafika mtaani wanachama walishasema ameuza.

Kesho yake katibu akaitisha kikao. Waliokuwapo walitaka afukuzwe siku hiyohiyo. Tajiri alikuwa akichezea funguo zake. Katibu akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyemlaza kwangu.

"Ndugu, tuambie ukweli mbele ya watu. Kijana huyu anaweza kuuza goli?"

"Anaweza," nikasema.

Watu wakaguna, mmoja akasimama. Nikasubiri aketi. Nikawaambia anaweza, lakini hili la jana hakuliuza, kwa sababu mguu ulimtoka kwanza, ndipo akapitwa. Katibu akaniuliza kwa dharau nimezijulia wapi tofauti hizo.

"Nimeshawahi kumwona akiuza," nikamjibu. "Goli moja tu. Wewe na tajiri mlilipigia makofi."

Tajiri akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lake. Wanachama wakatazamana, wakingoja niendelee. Katibu akasafisha koo, akasema suala la namba tano limekwisha, twende kwenye ajenda inayofuata. Hakuniuliza ni goli gani.