Nilinunua bunduki ya mkono wa kulia Sydney, kumbe mama yangu anajua siri ya mkono wangu

Wakuu, natumai chai iko mezani. Hii ninayowaletea sijaitia chumvi, na mkionja chumvi jueni ni ya mama yangu, mtamsikia huko mbele.

Nakaa Seven Hills, magharibi mwa Sydney. Kazi yangu ni forklift kwenye ghala.

Mwaka jana jirani yangu Mrundi, anaitwa Déo, alinipeleka kwenye club yao ya shabaha nje ya Penrith. Mchezo wenyewe wanauita silhouette. Wamekata vyuma vya umbo la wanyama, wamevisimamisha kwa mistari. Kuku wako karibu, nyuma yao nguruwe, kisha bata mzinga, na mwisho kabisa, mita mia, kondoo dume.

Unapiga ukiwa umesimama, hakuna kuegemea kitu. Bunduki ni .22 tu, ile ya risasi ndogo. Ukimpata kuku unasikia "ting", anaanguka chali.

Aisee, ile "ting" ndiyo iliyonimaliza. Nikafanya kozi, nikapata leseni, nikafunga kabati la chuma ukutani, nikaomba kibali cha kununua. Kwa mtakaouliza, huku bila hivyo vyote hununui hata ya kuwindia panya.

Sasa kabla sijafika dukani, shikeni hili kwanza, maana ndilo lililoniumiza kichwa kuliko bunduki.

Wakati huohuo mama alikuja kutoka Singida. Mara yake ya kwanza kupanda ndege, na kwa jinsi magoti yake yalivyo, naona ni ya mwisho. Amekuja kumuona mjukuu wake, Nuru, binti yangu wa miaka saba aliyezaliwa hukuhuku.

Nuru ni mashoto. Anaandika kwa kushoto, anakula kwa kushoto, mswaki kushoto.

Mama hakuweza kuvumilia. Kila tukikaa mezani: "Nuru, mkono wa kula ni upi?" Anakitoa kijiko kushoto, anakiweka kulia. Mtoto anajibu kwa Kiingereza, "But this is my hand, Bibi." Mama ananigeukia, "Anasemaje huyu?" Mimi natafsiri nusu, nusu nameza.

Mke wangu akijaribu kutetea, anapigwa methali: "Samaki mkunje angali mbichi."

Ikafika mahali Nuru anabeba sahani yake anakwenda kula chumbani. Bibi kavuka bahari kumfuata mjukuu, mjukuu anamkimbia. Nilikuwa naogopa, wakuu, visa itaisha wataagana hivyo, na hawataonana tena.

Haya, turudi dukani.

Duka la bunduki lina kona ya used, na muuzaji ni mama mmoja wa makamo, Lorraine, mcheshi. Déo alinipa somo njiani: mtumba wa bunduki unakagua mtutu kwa ndani kwa tochi, unakagua mdomo wa mtutu kama haujagongwa, unaomba ruhusa kwanza halafu unasikia trigger kama inakatika safi au inakwaruza. Rangi baadaye.

Tukabakiza mbili. Ya kwanza kitako chake kilikuwa cha mbao ya kawaida, kimenyooka, kina makovu kama meza ya mgahawa.

Ya pili, we acha. Mbao ya walnut yenye mawimbi, tundu la kupitishia kidole gumba, na upande mmoja imeinuliwa pale shavu linapolala. Nilipoishika nikasahau somo lote la Déo.

Lorraine akauliza, "You right-handed, love?"

Nikajibu "Of course" kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Naandika kwa kulia, nakula kwa kulia, nasalimia kwa kulia. Kuna mkono gani mwingine?

Déo akaguna. "Hii fusil ni mzuri, lakini ile kitako imechongwa kwa mtu wa kulia tu. Ile ya makovu inakubali watu wote."

Nikamwambia watu wote ni akina nani, mbona niko peke yangu. Nikachukua ya walnut.

Jumamosi ya kwanza, kuku wakaniangalia tu. Jumamosi ya pili nikampata mmoja, na nadhani alijiangukia. Nikalaumu darubini ya kulengea, nikalaumu upepo, nikabadilisha risasi. Kila nikilaza shavu, picha inakuja na kuondoka, najikuta nakunja shingo kama natafuta sarafu chini ya kochi. Kondoo hata sikuwa nawafikiria.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alikuwa na shift hospitalini, ikabidi niende na mama na Nuru. Wakakaa nyuma ya mstari na viziba masikio vyao, mama kajifunga khanga juu ya jaketi, kiti kimoja kikiwa wazi katikati yao.

Mama akauliza, "Hao kuku wakishakufa wanaliwa?"

"Ni chuma, mama."

"Sasa mnawapigia nini?"

Nikaingia kwenye mstari. Mlio, kimya. Mlio, kimya. Mzunguko mzima, kuku hata mmoja hakuyumba.

Nilipotoka nimenywea, mama akanitazama kama ananishangaa kweli.

"Elia, wewe ulikuwa unawapiga kunguru wa bandani kwa jiwe, hukosi. Lakini ulikuwa unarusha na mashoto."

Nikacheka. Nikamwambia mama, mimi sijawahi kuwa mashoto.

"Hujawahi? Mimi ndiye niliyekunyoosha. Kila ukila nakufunga kitambaa mkono huo, hadi ukaacha. Kwenye mawe tu ndiko ulikonishinda, maana ulikuwa unarushia mbali na macho yangu."

Alilisema kwa fahari kabisa. Mimi hicho kitambaa sikikumbuki hata kidogo, wakuu. Miaka yote najijua mtu wa kulia.

Nuru akavua viziba masikio. Kumbe Kiswahili anakisikia chote. "Dad's a leftie?"

Déo akasema tupime. Fanyeni na nyinyi hapo mlipo: nyoosha mikono mbele, tengeneza katundu kadogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali macho yote wazi. Halafu fumba jicho mojamoja. Nikamweka kondoo kwenye katundu. Nikafumba la kulia, kondoo yupo. Nikafumba la kushoto, kondoo katoweka.

"Macho yako inaongea ukweli, ile ya kulenga ni ya kushoto," Déo akasema. Akaniazima bunduki yake, kitako cha kawaida kisicho na upande, nikaishika kwa bega la kushoto. Nilijisikia kama nimevaa viatu vya mtu mwingine, lakini shavu lilipolala, picha ikatulia pale, haiondoki.

Ting.

Ting tena. Kuku wa tatu nikamkosa kwa kiherehere, wa nne na wa tano wakalala. Nuru anaruka nyuma huko. Nikahamia mbali, mita mia, nikakosa mara tatu, ya nne kondoo dume akainama taratibu akaanguka. Nilipiga kelele mpaka Déo akanikumbusha kufungua bolt, lile komeo la kuingizia risasi, kwanza.

Nilipogeuka kumtafuta mama, alikuwa hashangilii. Anautazama mkono wangu wa kushoto.

Tukaingia kwenye gari, tukapita Penrith. Kisha mama akauliza, "Nilipokuwa nakufunga kile kitambaa, ulikuwa unaumia?"

"Sikumbuki, mama."

"Ulikuwa unalia," akasema. "Mimi nakumbuka."

Nuru alikuwa amelala siti ya nyuma. Nikawasha heater.

Jioni ile mke wangu akapika wali na maharage. Nuru akaja, akachukua sahani, anajiandaa kwenda chumbani kama kawaida. Mama akamwambia, "Kaa."

Mtoto akakaa, kijiko kikiwa kushoto, bega limepanda tayari kusubiri.

Mama alikuwa ameketi kushoto kwake. Akainuka na magoti yake yale, akabeba sahani yake, akazunguka meza yote akakaa kulia kwa Nuru. Mke wangu akamuuliza vipi tena mama.

"Kiwiko chake kinanigonga," mama akasema. "Nimempisha ale."

Alikaa upande huo hadi siku anaondoka.

Bunduki sikuiuza. Lorraine alinitafutia kwenye boksi la vitako vya zamani kimoja kilichonyooka cha modeli ileile, akachukua kile cha walnut tukabadilishana. Nikakisugua msasa mwenyewe. Bolt bado iko kulia, naishusha bunduki nafungua kwa mkono wa kulia, muda unatosha.

Nilichojifunza kwa wanaotafuta mtumba: usichague kitako kwa macho, laza shavu kwanza, na pima jicho kabla hujafungua mdomo kujibu "of course". Na kwa wenye watoto, mmesoma.

Sasa nipeni zenu. Tokeni nje, okoteni kijiwe, kirusheni bila kufikiri, halafu mje mniambie ni mkono gani, na ni nani aliyewaambia mnatumia mwingine.