Fungu la Mpishi

Mloka hapana mpishi wa kumfikia Mwanaharusi. Anayebisha ahame kijiji. Kambi ya watalii ikampa kazi ya kupanga na kupika vyakula vyote vya Krismasi: chai nzito ya saa nne, sherehe ya mchana, chakula cha jioni. Akapika kamba wa nazi, pilau, mbuzi wa kuchoma. Wageni wakalamba vidole.

Akafunga sahani moja kwenye kanga, ampelekee baba yake mgonjwa. Huku kwetu kwenye shughuli mpishi ana fungu lake, wala haliombwi. Meneja akamkuta nalo getini.

“Mwizi wee!”

“Bosi, si nimepika mimi?”

“Kesho usije.”

Sahani ikamwagwa kwenye shimo la taka pamoja na masalio. Nyani wakashangilia.

Nyumbani baba akauliza, “Mwanangu, fungu lako limechelewa?”

“Nyani wameliwahi, baba. Kunywa uji.”