Nilitoa wine kwenye jagi la Krismasi, nikamficha mtu mmoja aliyepaswa kujua

Wakuu, habari za humu ndani.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kina aibu yangu nyingi kuliko sifa, kwa hiyo sina sababu ya kuwadanganya.

Naishi flat hapa Mchafukoge na mke wangu, Neema. Sasa hivi nauza vifaa vya simu Kariakoo, ila zamani nilikuwa barman hotelini, miaka sita. Kazi niliacha, ujuzi nikabaki nao.

Kila Krismasi ndugu wanakuja kula kwangu, na kila mwaka natengeneza jagi moja kubwa la kioo. Embe, nanasi, machungwa na ndimu nakata vipande, vinalala kwenye wine nyekundu yenye mdalasini mpaka kesho yake. Watu wakishafika ndio naongeza barafu na soda ya tangawizi. Kuna ndugu wanaanza kuliulizia tangu Novemba.

Sasa, nina kaka yangu mkubwa, tumwite Festo. Ni fundi magari, yuko Buguruni. Pombe ilimvunjia ndoa, ikamfungia na gereji yake ya kwanza. Mwaka jana akaacha. Nilipompigia kumwalika Krismasi iliyopita alikuwa ametimiza miezi kumi bila kugusa tone.

Aliniuliza swali moja tu.

"Lile jagi lako litakuwepo?"

"Litakuwepo, kaka."

"Sawa. Nitakuja."

Nilipokata simu sikuwa na amani. Nikajiambia, hapana, mwaka huu jagi halitakuwa na pombe. Kesho yake nikaingia Kariakoo kutafuta rozela.

Kwa wasiojua, rozela ni yale maua mekundu makavu, ukiyachemsha yanatoa rangi kama wine kabisa, na uchachu wake. Kuna mama mmoja wa viungo huwa nanunua kwake. Nikamwamkia, nikamweleza nataka kitu kikali mdomoni lakini kisicho na kilevi.

"Chemsha na chai ya rangi nzito, mwanangu," akanijibu. "Tia karafuu mbili tu. Ukizidisha utawanywesha dawa ya meno."

Wakuu, yule mama ni genius. Nilipoonja nyumbani, mimi barman wa miaka sita, nilisita, nikadhani ni wine.

Neema naye akaonja, akafurahi. "Umemwambia kaka?"

"Nitamwambia akifika."

Hapo ndipo nilipokosea, ingawa wakati ule sikuona kosa lolote. Kumwambia kwenye simu niliona kama namtangazia kwamba simwamini. Na wageni wengine nilijua wakisikia hakuna wine watalalamika. Basi nikapanga nitamnong'oneza Festo mlangoni.

Siku yenyewe akafika wakati mmoja na shemeji yangu, kaka yake Neema. Huyu shemeji ni mtu wa sauti. Kabla hata hajakaa ameshajimiminia glasi, akaonja, akafumba macho.

"Bwana! Ya mwaka huu ni kali! Hii imekwenda kichwani moja kwa moja!"

Watu wakacheka, wakaanza kujimiminia. Nami, niseme ukweli, kichwa kilivimba. Nikaona nikimnong'oneza Festo pale siri itatoka, na shemeji ataonekana mjinga mbele za watu. Nikasema ngoja kwanza tule.

Festo alichukua chupa ya maji, akakaa kwenye kochi, jagi likiwa mbele yake mezani.

Shemeji akamsogezea glasi. "Festo, onja hata kidogo. Krismasi ni mara moja kwa mwaka."

"Hapana shemeji, maji yananitosha."

"Kidogo tu, nani atakuona?"

"Nimesema yananitosha."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale na bakuli la kachumbari mkononi. Sentensi moja tu ilitosha: hiyo ni juisi. Sikuisema.

Mchana ule Festo alitoka kwenda kwenye balkoni mara tatu. Nilimwona zote tatu. Mara ya pili alikuwa ameshika chuma cha balkoni kwa mikono miwili, anaangalia chini barabarani ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia. Nikajifanya nakusanya sahani.

Saa kumi na moja wageni wakaondoka, shemeji akiapa kwamba miguu ni mizito. Kaka alibaki kunisaidia kupanga viti. Nikammiminia iliyobaki, nikampa huku natabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

"Kunywa kaka. Haina kitu. Ni rozela."

Akainusa. Akaonja kidogo.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Nilifanya kwa ajili yako."

Akaiweka glasi mezani taratibu. "Uliniona nikitoka nje?"

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

Akamuaga Neema, akachukua kofia yake, akashuka ngazi. Neema muda wote alidhani nimeshamwambia mlangoni. Aliniangalia tu, na alikuwa ameshaelewa.

Nilimpigia simu siku nne, hakupokea. Ya tano nikafunga duka mapema, nikaenda Buguruni. Nilimkuta ameinamia injini. Hakunifukuza. Akanipa tochi, akasema mulika hapa. Nikamulika kama nusu saa hivi.

Kisha akaanza mwenyewe, bila kuniangalia.

"Ile mara ya pili nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa narudi ndani kuchukua glasi. Neema akatoka na sahani ya pilau na kiti, akaniambia kaka kula huku kuna upepo. Akakaa na mimi mpaka nikamaliza. Asingetoka, ningekunywa."

"Ungekunywa juisi," nikasema. Mjinga mimi.

Akaacha spana, akanigeukia. "Mimi ningejua ni pombe. Ningeinywa nikijua ni pombe. Hiyo miezi kumi ingekuwa imeisha hapo hapo, hata kama kwenye glasi mngeweka maji."

Wakuu, nililia. Gereji, watu wanapita.

"Kutoa wine hukukosea," akaniambia. "Ulikosea kuniacha napigana peke yangu, na wewe unajua hakuna adui. Siku nyingine niambie kilichomo. Kipo, niambie. Hakipo, niambie. Kuja au kutokuja nitaamua mimi."

Nikamwomba msamaha. Akasema mulika hapa, tumalize gari la watu.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa namhurumia Festo badala ya kumheshimu. Nilimpangia mambo yake kama mgonjwa asiye na fahamu, halafu ilipofika saa ya kumsaidia kweli, nikachagua kusifiwa.

Nawauliza mlioacha, au mnaoishi na mtu aliyeacha: mkialikwa kwenye sherehe, mnapenda mwenyeji awaambieje? Nataka kujua kweli. Wanaotaka vipimo vya rozela na chai waseme pia, nitaweka kwenye comment.

Kabla ya kuweka uzi huu nilimpigia kaka kumwomba ruhusa. Akasema, "Andika. Ila na ile ya kusimama na kachumbari yako umenyamaza uiweke. Usijifanye mtu mwema."

Nimeiweka.