Mzimu wa Ukuta wa Kijito

Mwezi uliopita nilikwenda Pujini harusini. Nilipofika kwenye kijito cha bondeni nikavua viatu, nikavuka, maji yakinifika vifundoni. Yalikuwa yakienda zake mbio, hayana habari na mtu. Nikacheka peke yangu, kwani ili maji hayo yapite pale, msomaji wangu, ilibidi bibi yangu ajiaibishe mbele ya kijiji kizima.

Nilikuwa na miaka tisa, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Kijito kilikuwa kimezibwa kwa ukuta wa mawe na saruji, uliojengwa zamani kugawa maji ya mpunga, lakini mfereji wake ulikwisha kufukiwa na tope. Nyuma ya ukuta palibaki dimbwi la kijani lenye vyura na mbu. Mbele yake makonde ya wanawake, la bibi likiwemo, yalikuwa yanakauka na mpunga ungali mchanga.

Sheha, msimamizi wa kijiji, akaita watu wauvunje. Wanaume wakaja na sululu na mitaimbo, wakasimama.

"Bismillahi, anza weye."

"Aa, mkubwa ni weye."

Hakuna aliyeinua mkono. Ukuta ule ulikuwa na mzimu, na kila wiki watu waliuwekea mayai ya kuchemsha na mkate wa kumimina.

Bibi akajifunga kibwebwe, akasema kwa sauti: "Jamani, pano hapana mzimu. N'lizua mie, nimtishe mjukuu wangu asije akazama."

Kweli tupu. Alinitungia mzimu wa kike mwenye kucha ndefu, anayevuta watoto miguu. Mimi nikawahadithia wenzangu, wenzangu wakawahadithia mama zao, na mama mmoja jirani yetu alipoweka yai ukutani homa ikamtoka, basi tena.

Unadhani walimwamini? Jirani huyo huyo akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini Bi mkubwa, mzimu keshampanda kichwani. Kama hapana mzimu, mayai yangu huliwa na nani?"

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na njaa yangu haikuogopa kucha. Kila nilipokwenda kuchuma mchicha nilipita pale, nikala, maganda nikayatupa majini. Kusema ni kuchapwa, kunyamaza ni mpunga wa bibi kufa. Nikamtazama, macho yamemjaa machozi. Sikuwahi kumwona bibi akilia.

"Mie," nikasema.

"Na mkate?" jirani akauliza.

"Na mkate. Ila wa juzi haukuiva katikati."

Wallahi sijui kilichonituma. Jirani akampokonya sheha mtaimbo, akaupiga ukuta kama anaupiga mgongo wangu. Wanaume wakaona haya, wakamfuata. Adhuhuri maji yakapasua njia, na bibi akakimbia nayo ukingoni hadi kondeni kwake, akipiga vigelegele. Fimbo zangu nilizipata jioni, kisha nikalia mapajani pake mpaka usingizi ukanichukua.

Leo pale halikubaki hata jiwe, na nusu ya makonde yamekuwa nyumba. Watoto waliokuwa wakioga nikawauliza kama wanaogopa kitu. Wakaniangalia tu, wakacheka. Nikavaa viatu vyangu huku moyo unaniuma. Bibi alikufa zamani, na hapana tena mtu duniani anayenipenda hata akae anitungie uongo wa kunitisha.