Ukame wa Kitui na Mteremko wa Nunguni

Syokau alizaliwa Nunguni, huko milimani Makueni, kwenye baridi na ukungu. Alipoolewa Kitui, hakuacha kuwacheka wakwe zake. Tangi la maji likikauka, alisema, "Kwetu mvua haibembelezwi."

Mama mkwe wake, Kalekye, alimjibu kwa upole, "Basi iambie itutembelee, mwanangu."

Mwaka wa ukame mkali mbuzi wao wanne walikufa. Syokau akampigia mamake simu kulalamika kwamba ameolewa jangwani.

Masika yaliyofuata, mvua ilinyesha Nunguni siku tisa mfululizo. Mteremko ulikatika, ukashuka na migomba, choo na nusu ya jiko la mamake. Mama mwenyewe aliokoka kwa sababu alikuwa kanisani. Syokau alienda kumchukua, akamleta Kitui na kuku wawili waliosalia.

Kalekye aliwapokea langoni. Syokau aliinamisha kichwa, akijua zamu yake ya kuchekwa imefika. Lakini Kalekye alimkumbatia mgeni, akamketisha, akampa uji. Ndipo akasema, "Karibu, dada. Huku mvua ni chache, lakini shamba utalikuta pale ulipoliacha jana."

Mamake Syokau alicheka mpaka uji ukamwagika. Syokau naye akacheka, akijicheka mwenyewe.

Siku hizi mama hao wawili hubishana kuhusu kaunti iliyo na hatari zaidi. Kila mmoja anashikilia kwamba ni yake, na hakuna anayekubali kushindwa.