Sauti thelathini na mbili za Sikio

Saa mbili na nusu asubuhi, Alhamisi, pasi ya kulehemu imeshapata moto na kiti cha plastiki karibu na dirisha bado ni kitupu. Fundi anakitupia jicho, anainamia bodi ya kinanda alichokifungua, kisha anakitupia jicho tena. Kwa miaka kumi na tisa kaka yake ndiye amekuwa akifika wa kwanza, na kila asubuhi humpokea kwa swali lilelile: "Umeamka au umeamshwa?"

Saa tatu kasoro simu inaita. Ni shangazi yao, ambaye kaka anaishi naye. Shangazi ni mtu wa maneno mengi, lakini leo analo moja tu.

"Njoo."

Fundi anachomoa pasi ukutani, anafunga mlango, anaondoka.

Hiyo ni miezi minane iliyopita. Kaka alikuwa amelala mzima, akiwa na miaka hamsini na nane, na moyo ukasimama usingizini.

Karakana yao ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Ina meza ndefu, taa ya shingo ndefu, na rafu tatu za vinanda vilivyolazwa ubavu kama mikate. Vingi ni vile ambavyo wapigaji huviita sinthesaiza. Havina nyuzi wala mirija. Sauti yote hupikwa ndani kwa umeme, na mwenye subira anaweza kuigeuza mpaka ikawa filimbi, ngoma, au kitu ambacho hakijawahi kusikika duniani.

Kazi waligawana. Dada, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alikuwa mikono. Ana miaka hamsini na nne na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na siku nyingi huitafuta ya tatu. Kaka, aliyeitwa Sikio, hakushika pasi hata siku moja. Alikaa kwenye kiti chake, akabonyeza kitufe kimoja, akafumba macho, akasema: "Kimeshuka. Pandisha. Pandisha kidogo. Basi, usiniharibie."

"Wateja walidhani hafanyi kazi," anasema Fundi huku akicheka. "Mtu anaingia, ananiona mimi natoka jasho, kaka kafumba macho. Ananiuliza, 'Mama, huyu anaumwa?' Namwambia, 'Huyu ndiye anayefanya kazi. Mimi nakaza skrubu tu.'"

Ukweli wa maneno hayo aliujua baada ya msiba. Kuunganisha waya na kubadilisha vipuri hakukumshinda. Kusikiliza ndiko kulikomshinda. Sauti mbili zilizokaribiana, kwake ni mapacha. Vinanda vikaanza kurudi wiki ileile vilipotoka, na kazi zikashuka kutoka vinanda sita kwa wiki hadi viwili.

Mmoja wa waliorudi ni Bwana Sherehe, mpiga kinanda wa harusi, mtu wa tumbo kubwa ambaye hata akinong'ona unamsikia ng'ambo ya barabara.

"Nilimwambia, 'Fundi, dada yangu, bibi harusi anaingia, mimi nabonyeza, kinanda kinalia kama mbuzi aliyekanyagwa! Bwana harusi akageuka kutazama nyuma!'"

"Nikamwomba radhi," anasema Fundi.

"Radhi ya nini? Watu walicheka mpaka wakanituza. Lakini nikamwambia, asirudie."

Hata hivyo, si upungufu wa kazi uliomnyima Fundi usingizi mwaka huu. Ni kinanda cha Sikio mwenyewe.

Ni sinthesaiza kuukuu, nzito kama mlango, yenye kidirisha kidogo kinachoonyesha herufi nane tu kwa wakati mmoja. Ndani yake Sikio aliunda sauti thelathini na mbili, akazipa majina ya kutoshea herufi hizo. MVUABATI ni mvua inayoanza kwenye bati, matone machache kwanza. JIRANI ni mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Hakuna aliyewahi kuzinunua wala kuzirekodi. Alizipiga jioni, kazi ikiisha, wao wawili wakicheka.

Sauti hizo hutunzwa na betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha koti, iliyolehemewa kwenye bodi. Kinanda kikizimwa, betri hiyo ndiyo inayokumbuka. Ikifa, kinanda kitawaka vizuri tu, ila hakitakuwa na kumbukumbu yoyote.

Fundi amewaambia wateja jambo hilo mara mia. Kila kinanda kinachoingia karakana hunakiliwa kwanza kwenye kaseti ya kawaida, ndipo kifunguliwe. Ukiicheza kaseti hiyo kwenye redio husikii muziki. Unasikia mkwaruzo mkali, mrefu, wa kuumiza meno. Hiyo ndiyo lugha ambayo kinanda hujiandikia.

Kinanda cha Sikio nacho kilikuwa na kaseti yake. Siku onyo la betri lilipotokea kwenye kidirisha, Fundi hakushtuka. Alikwenda kwa Shangazi kuichukua.

Shangazi ana miaka sabini na tatu na goti bovu. Alimpa kaseti bila kusita. Fundi akaiweka kwenye redio ili ahakikishe. Badala ya mkwaruzo akasikia sauti ya mtu anayehema: "Kumi na moja... kumi na mbili... uuh, mama yangu... kumi na mbili..."

"Shangazi, hii ni nini?"

"Mazoezi yangu ya goti. Daktari alisema nihesabu mpaka thelathini. Nikijisikia mwenyewe nahesabu, naona aibu kuacha."

"Kumi na mbili umeihesabu mara mbili."

"Iliuma mara mbili."

"Na kilichokuwamo?"

"Kaseti ilikuwa imeharibika, mwanangu! Inalia kama mtu anayekwangua sufuria. Nikasema marehemu naye, kwa nini anatunza takataka?"

Fundi anasema alitaka kulia. Kikamtoka kicheko, cha kwanza tangu siku ile ya Alhamisi, mpaka akakaa chini sakafuni. Shangazi, asiyejua alichokosea, naye akacheka, akashika goti.

Kutengeneza kaseti nyingine hakukuwezekana. Tundu la kinanda hicho la kurudishia sauti kutoka kwenye kaseti ni zima, lakini la kuzitolea lilikufa miaka minne iliyopita na kipuri chake hakipatikani tena. Wakati kilipokuwa kikipatikana, Sikio aliuliza kila mwezi, "Changu utakitengeneza lini?" Jibu la dada yake lilikuwa moja: "Vya wateja kwanza." Hata betri haikubadilishwa kwa sababu hiyohiyo.

"Hilo ndilo linaloniuma," anasema, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Vinanda vya watu nimevitengeneza mamia. Cha kaka yangu kikangoja foleni."

Ikabaki njia moja. Kinanda kikiwa kimewashwa, umeme wa ukutani hushika kumbukumbu badala ya betri. Fundi akakiwasha na kukiacha hivyo. Juu ya swichi akabandika karatasi: USIZIME, HATA UKINIPENDA. Kisha akafungua daftari. Kila sauti ina namba zaidi ya mia moja, na kila namba huonekana kwenye kidirisha kwa kubonyeza kitufe. Mtu akiziandika zote, sauti inaweza kuundwa upya hata kinanda kikiwa kitupu.

Siku ya pili likaja tangazo: umeme ungekatwa mtaa mzima siku ya Jumamosi, kuanzia asubuhi, ili nguzo zibadilishwe. Ilikuwa Jumatano.

Bwana Sherehe alikuja kuchukua kinanda chake, akamkuta Fundi ameinama, macho mekundu, akiandika sauti ya tano.

"Nisomee, niandike," akasema.

"Wewe una harusi kesho."

"Kesho si leo. Soma."

Wakaandika. Shangazi akaletwa na mto wake, akapewa kazi ya kulinda swichi. Aliilinda kikamilifu. Mteja mmoja aliyetaka kuchomeka chaja ya simu karibu na hapo alifukuzwa kwa maneno ambayo Bwana Sherehe hukataa kuyarudia mbele ya watu.

Mpaka Ijumaa saa sita mchana walikuwa wamemaliza sauti kumi na moja. Zilibaki ishirini na moja. Hesabu haikuhitaji kalamu.

Karakana hiyo ina sheria moja, iliyoandikwa kwa rangi ukutani: chombo hakifunguliwi kikiwa na umeme. Fundi ndiye aliyeiandika. Ijumaa hiyo saa nane mchana akachukua bisibisi, akafungua kinanda cha kaka yake kikiwa kinawaka.

"Ukigusa pasipofaa?" akauliza Bwana Sherehe, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini.

"Bodi yote inaungua. Na mimi narushwa mpaka kwa muuza viatu ng'ambo ya barabara."

Mpango wake ulikuwa huu: aunganishe betri ya akiba kwa nyaya mbili nyembamba, ishike kumbukumbu, kisha aing'oe ile kuukuu na kuweka mpya. Pasi ikipata moto aliichomoa ukutani, ili isiwe na umeme ndani yake, akalehemu kwa sekunde chache kabla haijapoa, akairudisha, akangoja. Waya wa kwanza. Akangoja tena. Waya wa pili. Betri kuukuu ikatoka na moshi kidogo. Mpya ikaingia.

Ilichukua dakika arobaini. Shangazi anaapa kwamba hakupumua hata mara moja.

"Sasa nizime?" Fundi akauliza, kana kwamba kuna mtu aliyejua.

"Mimi ndiye mlinzi wa swichi," akasema Shangazi. "Zima."

Akazima. Kidirisha kikawa cheusi. Akahesabu mpaka kumi, akawasha.

Herufi zikajipanga polepole: MVUABATI.

Bwana Sherehe alipiga kelele iliyomleta mwenye duka akiwa na rungu mkononi. Wakapita jina moja baada ya jingine, Bwana Sherehe akibonyeza na kuhesabu, mpaka thelathini na mbili. Hakuna iliyopotea. Ya ishirini na sita iliitwa SHANGAZI. Alipoibonyeza ukatoka mlio wa kupanda, kupanda zaidi, kusita, kisha kupasuka.

"Hiyo ni chafya," akasema Shangazi.

"Ni yako," akasema Fundi.

"Mimi ndivyo ninavyopiga chafya?"

"Ndivyo hasa, mama," akasema Bwana Sherehe.

Shangazi akafikiri kidogo. "Basi nina nguvu. Piga tena."

Ilipigwa mara saba. Jumamosi umeme ukakatika kama ilivyotangazwa, ukarudi saa kumi na mbili jioni, na sauti zikawa palepale.

Sasa ni mwezi mmoja na nusu tangu siku hiyo. Daftari limefika sauti ya ishirini na nane, na wapigaji wengine wameanza kuulizia. Fundi anataka likiisha alipeleke kwa mtu wa fotokopi, nakala iende kwa kila atakayeomba, aunde sauti hizo kwenye kinanda chake mwenyewe. Hataki malipo, ila ana sharti.

"Majina yasibadilishwe," anasema. "Mtu asije akaniitia MVUABATI jina lingine. Kaka alikaa miezi miwili kwa yale matone ya mwanzo. Nilimwona. Mvua ikinyesha alikuwa anatoka nje, anasimama chini ya bati, anarudi amelowa, ananiambia, 'Bado sijalipata.'"

Shangazi amenunuliwa kaseti mpya kwa ajili ya goti. Amefika ishirini na mbili.

Kazi zimepanda hadi vinanda vinne kwa wiki. Fundi anajifunza kusikiliza, na anakiri kwamba ni mwanafunzi mgumu. Anayemfundisha ni Bwana Sherehe, anayempigia sauti mbili na kumuuliza ipi iko juu, na akikosea humlilia kama mbuzi. Siku ambayo Bwana Sherehe hana harusi kamwe ni Jumanne. Kwa hiyo vinanda hupokelewa siku yoyote, husikilizwa Jumanne, na wenyewe huvichukua Jumatano kuanzia saa tatu asubuhi.